Wakili Niliyemfanya Babu

Jumatano, 4 Juni 2025
Leo Waswahili wote wa Durban wameniomba niwe mwenyekiti wa wazee. Sawa, si wote. Sawa, hakuna aliyeniomba. Anayeombwa ni Juvénal, Mkongo, eti babu yake alichapwa viboko na Wabelgiji. Jumapili kila mgombea atasimama aeleze ukoo wake, ndipo wachague. Miaka kumi na tisa niko mji huu, sijapewa hata dua ya kufungulia chakula. Babu yangu mimi, kule Tanganyika, aliwabebea Waingereza viti. Hasira mpaka masikioni.

Alhamisi, 5 Juni
Saluni kwa Gracieuse, mtaa wa Overport. Nimekaa na Anselmo, baharia Mfilipino ambaye meli yake imeharibika bandarini. Babu wa babu yake alikuwa wakili. Alisomea sheria kwa Kihispania, Wamarekani wakaiteka nchi, akaanza upya kwa Kiingereza, mtu mzima na ndevu zake. Akawatetea wakulima mahakamani, wakamlipa kuku. Akaingia bungeni akamwambia gavana usoni kwamba nchi si yake. Bendera yao ikapigwa marufuku. Akaishona ndani ya koti, akaenda kula na gavana huyohuyo.
Wivu umenikaba. Babu kama huyo kapewa Anselmo, asiyegombea chochote! Nimemwomba picha ya mzee huyo anitumie kwenye simu.

Jumamosi, 7 Juni
Picha nimeichapisha kubwa, nimeitia fremu. Gracieuse kasema babu yangu hafanani nami hata sikio. Nimemjibu nimefuata upande wa mama.

Jumapili, 8 Juni
Ukumbi wa kanisa, umejaa, na fremu yangu iko mezani mbele. Nimeongea mpaka mama mmoja kafuta machozi. Nikafika kwa yule gavana Mmarekani. Juvénal akainua mkono polepole, mshenzi yule. "Papa Chacha, Wamarekani walitawala Tanganyika mwaka gani?"
Eish. Nikasema walipita haraka, wengi hawakuwaona.
Hapo bado ningepona. Kumbe Gracieuse kamwalika Anselmo aje kula pilau. Kiswahili hajui, lakini sura ya mzee wao anaijua. Akaja mbele analia, akanikumbatia, akatushukuru kwa Kiingereza kwa kumkumbuka wakili wao huku mbali. Watu wakasimama kumpigia makofi. Wakampa kiti cha mbele na paja la kuku. Mimi nikapewa shingo.
Juvénal kashinda kwa kura zote, na yangu imo. Nilinyoosha mkono kwa kuchanganyikiwa.

Jumatatu, 9 Juni
Siongei na mtu. Kosa ni la Wamarekani. Ningesema Wajerumani, saa hizi ningekuwa mwenyekiti. Wazee wa mtaa wa Jacobs wanachagua Jumapili ijayo, na hakuna Mfilipino kule.
Gracieuse, najua daftari hili unalisoma nikilisahau kwenye kiti. Maji yalipokatika nilikubebea ndoo sita, ukasema wema huo utanirudishia. Basi Jumamosi nipake piko nyeusi kwenye ndevu. Na wateja wakiwepo, mama, niite Mjukuu wa Wakili. Mara mbili tu, kwa sauti.