Mmiliki Halali wa Ngedere

Deogratias aliingia banda la gemu la Athanas, pale Mji Mpya, Morogoro, kuchaji simu tu. Hakuwa na nia mbaya na mtu. Hili tuliseme mapema, kwa sababu baadaye watu walisema mengi juu yake, na mengine hayakuwa ya kweli.

Athanas alikuwa na televisheni nne, pedi za kuchezea zilizofungwa selotepu, na kompyuta moja chakavu iliyojaa gemu za zamani: zile za mpira ambazo wachezaji hawana nyuso, za magari yaliyo kama matofali, za kijitu kifupi kinachoruka mashimo. Kwa shilingi elfu moja alikurushia gemu tano kwenye simu, ukaondoka na utoto wako mfukoni. Yeye mwenyewe alizipakua bure mtandaoni, kama wenzake wote. Lakini siku hiyo alikuwa amefura.

"Benedikto ananiua," alimwambia Deo, akionyesha kwa kidevu banda la ng'ambo ya barabara. "Anawarushia watu bure ili wanunue soda kwake. Gemu zangu. Nimezikusanya miaka sita."

"Zako?"

"Zangu. Kwani za nani?"

Deo aliionja ile "zangu" taratibu, kama mtu anayeangalia kama chai imekolea sukari. Mbele yake alisimama mtu aliyechukua kitu bure, na sasa anataka jirani azuiwe kukichukua bure. Katika miaka kumi na minane ya kuishi kwa maneno, Deo hakuwahi kumkuta mteja aliyeiva namna hiyo bila hata kutiwa moto.

"Ndugu yangu," alisema, akichomoa simu yake kwenye chaja ingawa ilikuwa na asilimia tisa, "umewahi kusikia habari za hakimiliki?"

"Nimesikia redioni."

"Mimi naitwa Abdulatif. Ni afisa. Kitambulisho nimekiacha kwenye gari la ofisi, lakini kwa kuwa wewe ni mtu mwelewa nitakueleza. Hizi gemu za zamani, kampuni nyingi zilizozitengeneza zilishakufa. Kampuni ikifa, haki zinarudi kwenye shirika letu. Shirika linazigawa kimkoa. Mwenye cheti cha mkoa ndiye mwenye gemu. Mwingine akizirusha bila idhini yake, anafungiwa."

"Na Morogoro?"

"Morogoro bado iko wazi. Mpaka Ijumaa."

Athanas hakuuliza shirika liko wapi. Hakuuliza sheria namba ngapi. Aliuliza swali moja tu, kwa sauti ya chini.

"Hata Benedikto atafungiwa?"

"Tutaanza na Benedikto."

Kesho yake Deo alikwenda stesheneri kwa dada mmoja anayeitwa Ester, akatoka na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, muhuri wa mviringo, na cheti chenye maua pembeni kilichosomeka "Shirika la Urithi wa Michezo ya Kidijiti, Kanda ya Mashariki". Athanas alilipa laki tatu na kukipokea kwa mikono miwili. Saa moja baadaye Deo alivuka barabara. Benedikto naye alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna shingo, kisha akauliza kama hata Athanas atafungiwa.

"Tutaanza na Athanas," alisema Deo.

Vyeti vyote viwili vilikuwa namba 001, kwa sababu Ester alitaka aongezwe hela ya kubadilisha namba, na Deo akakataa. Ili ubahili huo usimtokee puani, Deo alimwagiza kila mmoja asikionyeshe cheti kwa siku sitini. Hicho, alisema, ni kipindi cha pingamizi. Wote wawili waliliheshimu neno "pingamizi" kuliko walivyoiheshimu sheria yenyewe.

Biashara ikakua. Aliuza Morogoro nzima pale Kihonda, akaiuza tena Chamwino, akaiuza Mikese kwa fundi simu ambaye hakuwa na gemu hata moja ila alikuwa na shemeji anayemchukia. Ndani ya wiki tano mkoa ulikuwa na wamiliki tisa, kila mmoja akijua ni yeye pekee. Kule Dumila, kwa mapato ya vyeti, alinunua pikipiki iliyotumika, nyekundu, yenye kiti kipana, akaiandikisha kwa jina lake la kweli. Na ni huko Dumila ambako mteja mmoja, alipokwisha kusaini, alimwambia jambo.

"Sisi wote hapa ni wachuuzi tu, afisa. Ghala lenyewe liko Kinole. Kuna mama mmoja anaitwa Mwanvita, ana kundi mtandaoni, watu elfu arobaini. Gemu zote hizi unazoziona zinashuka kutoka kwake, na hatozi hata senti."

Deo usingizi ulimpaa kwa furaha. Ikiwa mtu mwenye televisheni nne alitoa laki tatu, mtu mwenye watu elfu arobaini angetoa nini ili asipelekwe mahakamani?

Jumatano asubuhi alipita Bigwa, akapita Mkuyuni, akaanza kupanda milima. Barabara ilikuwa na utelezi na pikipiki ililalamika, lakini alifika kabla ya adhuhuri. Alimkuta Mwanvita uani kwake, anaanika mdalasini kwenye mkeka: mwanamke wa miaka hamsini na kitu, miwani yake imefungwa uzi mkono mmoja. Deo hakujishughulisha kujua mama huyu alifanya kazi gani kabla ya mdalasini.

"Habari za hapa," alisema kiofisa.

"Marahaba," alijibu Mwanvita, ingawa hakuwa ameamkiwa.

Deo alitoa kitambulisho. Alieleza urithi wa kidijiti, kampuni zilizokufa, haki zilizorudi. Alitaja faini ya milioni arobaini na kifungo, kisha akanyamaza ili kifungo kizame vizuri. Mwanvita alikiangalia kitambulisho, akakigeuza nyuma, akakirudisha.

"Mimi naziweka kwa sababu zinapotea," alisema. "Huzikuti dukani popote. Waliozitengeneza wameshazisahau. Nisipoziweka mimi, mwisho wake ni nini?"

"Sheria haiulizi mwisho, mama."

"Basi nitazitoa. Isipokuwa moja. Hiyo siwezi kuitoa maana ni yangu, niliitengeneza mwenyewe miaka ishirini iliyopita."

Alimpa simu. Gemu iliitwa Ngedere. Ngedere mmoja alikuwa anaiba ndizi mlimani, na mkulima mwenye rungu anamfukuza kwenye matuta. Deo alicheza ili aonekane anakagua. Alikamatwa mara tatu, akaomba arudie kwa ajili ya uchunguzi.

"Hata Wazungu waliipenda," Mwanvita alisema. Aliingia ndani akatoka na karatasi iliyochapwa. "Waliniandikia kutoka Ufini. Hebu isome, wewe ni afisa. Kama ina tatizo niambie."

Kiingereza cha Deo kilikuwa kama nguo ya kuazima, cha kuvaa mbele za watu. Alijua salamu, alijua namba, na alijua kutikisa kichwa kila anapofika mwisho wa mstari. Katika barua ile aliona Ufini, akaona Ngedere, akaona namba 20,000 na mbele yake neno la mwaka. Dola elfu ishirini, kila mwaka, kwa ngedere.

"Inasemaje?" aliuliza Mwanvita.

"Mambo ya kawaida. Wanakusalimu."

"Na hiyo elfu ishirini?"

Hapa Deo angeweza kusema kwamba hajui. Maisha yake yangekwenda njia nyingine, na pikipiki ingebaki yake.

"Hiyo ni namba ya sanduku lao la posta," alisema.

Mwanvita alimtazama kidogo juu ya miwani. Kisha akainama, akageuza vipande vya mdalasini, kimoja baada ya kingine.

"Mama," Deo aliendelea, sauti ikilainika, "hii gemu itakuletea matatizo na wageni hawa. Niuzie mimi haki zake. Nitakulinda, na mashtaka yale mengine nitayafuta."

"Fedha huku zina shida. Wakala hana salio wiki nzima." Alipangusa mikono. "Ila mdalasini huu naubeba kichwani mpaka barabara kubwa. Magoti yameisha. Kama ingekuwa ile pikipiki, tungeongea."

Deo aliitazama pikipiki yake. Aliitazama barua. Alihesabu pikipiki ngapi zinaingia kwenye dola elfu ishirini, na alipofika ya kumi akaacha, kwa sababu alikuwa ameshatoa ufunguo mfukoni.

Mwenyekiti wa kitongoji aliitwa awe shahidi. Mwanvita akaandika mkataba kwa mkono, mwandiko safi kama wa ubaoni. Pakatokea kizuizi kimoja tu.

"Kadi ya pikipiki inasema Deogratias," alisema Mwanvita. "Kitambulisho kinasema Abdulatif."

"Abdulatif ni jina la kazi."

"Serikali siku hizi inawapa mpaka majina?"

"Kwa usalama wetu."

"Basi saini yote mawili, baba. Deogratias anunue, Abdulatif athibitishe kwa muhuri. Tusije tukamdhulumu mmoja wenu."

Deo, ambaye kwa wiki saba alikuwa ameishi kwa migongo ya watu wasiosoma wanachosaini, alisaini bila kusoma. Alisaini kama Deogratias, akaweka dole gumba. Alisaini kama Abdulatif, akagonga muhuri. Mwanvita alipiga picha karatasi zote kwa simu, akamkabidhi nakala yake, barua ya Ufini na flashi moja yenye gemu, akamfungia na ndizi za njiani.

Alishuka kwa miguu. Viatu vya uafisa havikutengenezwa kwa milima ile, na alipofika Mkuyuni vidole viwili vilikuwa vimetoka malengelenge. Lori la ndizi lilimpakia juu ya mikungu mpaka mjini. Hata hivyo aliimba njia nzima. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa anamiliki kitu.

Uchungu wa kumiliki ulimkuta kesho yake asubuhi, sokoni. Mlinzi wa duka la vyombo alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kichwa kimeinamia simu, na kwenye simu kulikuwa na ngedere anayekimbia na mkungu.

"Hiyo gemu umeitoa wapi?" aliuliza Deo.

"Kila mtu anayo. Ulikuwa unaishi wapi?"

"Ni yangu. Nina hati. Unatakiwa ulipie."

Mlinzi aliinua macho. "Ni yako kweli? Mbona hatua ya nne umeifanya ngumu hivyo?"

Deo alitembea sokoni akiwa na homa. Muuza nyanya alikuwa nayo. Fundi cherehani alikuwa nayo, na alikuwa amefika hatua ya kumi. Deo aliwaambia wote kwamba huo ni wizi, kwamba mtu ametoa jasho lake, kwamba nchi haiwezi kuendelea namna hii. Alisema kwa uchungu wa kweli, na wala hakushangaa kwamba maneno yale yalikuwa yaleyale aliyowauzia kina Athanas. Fundi cherehani alimpa pole, akamshauri anywe maji.

Ilibaki Ufini. Alikwenda kwa Ester kumwomba amwandikie majibu, na Ester aliisoma barua kwa sauti, akiitafsiri polepole.

"Wanasema wao ni makumbusho ya michezo ya zamani. Wanaomba ruhusa kuionyesha Ngedere kwa wageni wao, watu elfu ishirini kwa mwaka. Wanasikitika hawana uwezo wa kulipa. Wanamshukuru mwalimu Mwanvita na wanafunzi wake wa klabu ya kompyuta."

"Mwalimu?"

"Kanifundisha mimi sekondari." Ester alivuta ule mkataba, akasoma, midomo ikianza kumcheza. "Na hapa umekubali kwamba gemu imegawiwa bure kwa watu wote tangu ilipotengenezwa, na kwamba mmiliki mpya hatamzuia wala kumtoza mtu yeyote, milele. Umesaini mara mbili."

"Nimetapeliwa."

"Mbona kila neno hapa ni kweli?"

Hasira ikimpanda mtu humpofusha hata kwa mambo aliyoyatengeneza kwa mkono wake. Deo aliikunja karatasi, akachechemea moja kwa moja mpaka kituo cha polisi, akaiweka mezani mbele ya Sajenti Hosiana, mwanamke mtaratibu mwenye kalamu mbili mfukoni. Alitaka mwanamke wa Kinole akamatwe. Alitaka pikipiki yake. Ushahidi, alisema, ni huo hapo, una saini, dole na muhuri.

Sajenti aliusoma mkataba mara moja. Akausoma tena, kidole chake kikisimama kwenye muhuri wa mviringo. Kisha akageuza kichwa kuelekea benchi la ukutani.

Athanas na Benedikto walikuwa wamekaa pale bega kwa bega, wakigawana karanga za mfuko mmoja. Uvumilivu ulikuwa umemshinda Athanas asubuhi ile. Alivuka barabara na cheti chake kwenda kumfungia mwenzake, na mwenzake akatoa cha kwake. Walitukanana kwa nusu saa kabla ya kuona kwamba namba ni moja. Sasa walikuwa wanamtazama Deo kwa utulivu mkubwa, kama watu waliokuwa wanamsubiri mgeni na mgeni akaja mwenyewe, bila kupigiwa simu.

"Abdulatif," alisema Benedikto.

"Afisa," alisema Athanas, na akasogea ili benchi lipate nafasi.

Sajenti Hosiana alifungua kitabu chake, akapiga mstari kwa rula, akachagua kalamu.

"Jina nimeliona, tena mawili," alisema. "Sasa nieleze, nikuandike kama mlalamikaji au mlalamikiwa?"

Deo alilitazama benchi, kisha akautazama mlango. Mwishowe akauliza, kwa heshima zote, kama fomu ya mlalamikaji ikijazwa kwanza mtu anaruhusiwa kwenda nayo nyumbani.