Sauti ya Pili Kutoka Nabuyoga

Jumatatu, 3 Machi 2025. Busia.

Mke wangu Loy bado yuko Nabuyoga, ng'ambo ya mpaka, akimuuguza mama yake aliyeanguka akaumia nyonga. Nyumba iko kimya. Hilo halinisumbui kama mume. Linanisumbua kama mwalimu wa kwaya. Pasaka yaja, na sauti ya pili haina wa kuiongoza. Nimewatangazia wanakwaya kwamba sasa tutafanya mazoezi kwa mtandao. Elvis, kijana wetu wa kinanda, akauliza kwa nini, na sisi wengine wote tunaishi karibu na kanisa. Nikamwambia dunia imebadilika.

Jumanne, 4 Machi.

Mazoezi ya kwanza. Sisi kanisani, Loy kwenye simu ya video iliyounganishwa na spika. Mtandao ukachelewesha sauti yake. Sisi tumefika "amina", yeye bado yuko katikati ya ubeti. Akaendelea peke yake, macho amefumba, hadi mwisho. Hakuna aliyekohoa. Kisha akauliza kama tumelala. Nilijifanya natafuta chaja.

Alhamisi, 6 Machi.

Mbinu mpya. Kila mtu ajirekodi kwake, mimi niziunganishe sauti kwa programu ya simu. Nikaanza na yangu, iwe ya kuwaongoza. Elvis akaipima kwa programu yake ya noti. Mshale ukakaa kwenye nyekundu tangu mwanzo. Akasema kwa heshima kwamba niko chini kidogo. Nikamwambia simu yake imezoea nyimbo za vijana.

Loy ametuma yake. Jogoo anawika ndani. Nikabonyeza "ondoa kelele". Programu ikamtoa Loy, ikamwacha jogoo.

Ijumaa, 7 Machi.

Sikuwa na njia ila kumpelekea Elvis simu. Akamrudisha Loy hata kabla sijakaa. Nikamshukuru, si sana.

Nikaiweka rekodi kwenye spika, kwaya nzima isikie teknolojia. Wimbo ukaisha, rekodi haikuisha. Loy alisahau kuzima. Tukamsikia mama mkwe akiuliza hiyo kwaya ya simu ni ya nini.

"Mama, huyu bwana yangu anasumbua kwaya mzima," Loy akajibu. "Si aseme tu amenimisi."

Wanawake wa sauti ya kwanza wakatazama sakafu. Elvis akapunguza spika polepole, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mgonjwa. Ni kijana mzuri, nikifikiria.

Jumapili, 9 Machi.

Baada ya ibada nikavuka mpaka. Nimefika Nabuyoga na vumbi hadi kwenye nyusi. Nikamweleza Loy mambo ya noti na mtandao. Akauliza kama hayo ndiyo yaliyonileta. Nikasema ndiyo. Akanitazama. Nikasema hapana.

Akaniletea kalo, ule ugali wa wimbi, na samaki, akakaa karibu nami kuliko chakula kilivyohitaji. Tukaimba bila chombo chochote. Kutoka chumba cha ndani mama mkwe akaitikia, kisha akamtuma Loy aniambie nipande kidogo.

Jumatano, 12 Machi. Busia.

Nyumba iko kimya tena. Loy aliniambia nikimkumbuka nipige tu simu, niseme. Nimelitafakari shauri lake kwa makini.

Leo nimetangaza darasa la mtandaoni la sauti ya pili, kila jioni, kwa wakazi wa Nabuyoga peke yao. Elvis akauliza tuna wanafunzi wangapi. Nikamwambia usajili unaendelea.