Samaki Hapigi Teke

Jumatatu, 10 Machi
Profesa Chileshe ametangaza: nafasi moja ya mafunzo ya tiba ya wanyama wa majini, kule Zambia, kando ya ziwa. Moja! Na tulioomba ni wawili, mimi na Gracia. Atakayekosa atapelekwa mazoezini kwenye shamba la ng'ombe. Mimi! Mwaka jana ng'ombe alinipiga teke nikiwa bado namsalimia. Samaki hapigi teke. Nafasi hii ni yangu, na Mama ameshaitangaza kanisani.

Kila mmoja amepewa tilapia mgonjwa ndani ya beseni, mgongo umeota utando mweupe kama pamba. Tuna wiki moja ya kuwaponya. Wangu anaumwa zaidi kuliko wa Gracia. Nimelalamika. Profesa akasema daktari hachagui mgonjwa. Uonevu mtupu.

Akatukumbusha tuwachunguze kwanza: uzito, matamvua, dume au jike. Mambo ya mwaka wa kwanza! Nimeandika "mgonjwa", nikapiga mstari.

Jumatano, 12 Machi
Gracia anatibu kwa chumvi. Chumvi! Anamwogesha samaki kwenye maji ya chumvi, anamrudisha, anabadilisha maji, huku akiimba nyimbo za kwaya. Nimemuuliza kama anatibu au anapika. Akaendelea kuimba. Kiburi.

Mimi nimetumia dawa ya kweli, ile ya minyoo ya ng'ombe. Dozi nimeikadiria kwa jicho. Maji yamekuwa meupe kama maziwa. Samaki amelala ubavu. Nadhani dawa inaingia.

Ijumaa, 14 Machi
Dawa haikuingia. Nimebadilisha maji. Samaki ananitazama kwa jicho moja, na jicho lenyewe limejaa lawama. Baada ya yote niliyomfanyia! Wa Gracia anaogelea kama mwenye nyumba. Haki iko wapi?

Nimewaza wakati wote wa somo la kwato. Nimepata mpango. Tonton Kunda, kaka yake Mama, ana bwawa la samaki kule Kasungami.

Jumamosi, 15 Machi
Kasungami. Tonton akauliza kama nataka samaki wa kupika ama wa kufuga. Nikasema wa mtihani. Akacheka mpaka akakaa chini. Sikuona cha kuchekesha.

Nimekataa wengi mpaka nikapata pacha wa mgonjwa wangu: urefu ule ule, rangi ile ile, ila mzima na mnene. Nimerudi naye kwenye pikipiki, ndani ya bidoni, yaani dumu la maji. Maji yote yamenimwagikia suruali. Pale Kampemba watu wamenitazama vibaya sana, na siwezi kusimama kumweleza kila mtu.

Maabara ilikuwa tupu, Gracia yuko kwaya. Mzima nimemweka kwenye beseni langu. Na mgonjwa? Nimemtumbukiza kwenye beseni la Gracia. Amwambukize huyo wake! Sioni aibu. Ni yeye aliyeanza, na chumvi yake.

Jumatatu, 17 Machi
Naandika kwa hasira.

Nilisimama mbele ya darasa zima, koti jeupe limepigwa pasi, nikaeleza jinsi nilivyookoa maisha. Profesa akamtoa samaki majini, akamgeuza tumbo juu, akatazama karibu na mkia. Akasema kwa sauti ya chini:

"Paulin, samaki nilikupatia ilikuwa mwanamuke. Hii iko mwanaume. Uliipatia dawa gani?"

Darasa likaangua kicheko. Nikasema kuna magonjwa hubadilisha mengi. Wakacheka tena.

Hapo Gracia, kwa ule upole wake wa kuudhi, akasema jana alikuta samaki wawili kwenye beseni lake. Hakujua wa pili ametoka wapi. Alimwonea huruma, akamtenga, akamwogesha chumvi pamoja na wake. Akamwonyesha: yuko hai, utando umeanza kubanduka. Profesa akamgeuza. Jike.

Nafasi amepewa Gracia. Eti ametibu wagonjwa wawili. Mmoja wao ni wangu! Ameshinda kwa samaki wangu, na mimi ndiye ninayeitwa mdanganyifu! Nikataka kueleza. Profesa akanionyesha mlango.

Mama bado hajui. Atasema nini kanisani? Nimelia kidogo. Kwa hasira tu.

Alhamisi, 20 Machi
Shamba. Ng'ombe kila upande. Nimepewa ndama anayeharisha. Nikimponya, Profesa atanikubalia kuomba tena mafunzo ya samaki mwaka ujao. Ndama amekonda, na ananitazama kwa jicho lile lile la tilapia. Kwa nini wagonjwa wabaya wote wanaletwa kwangu?

Lakini zizi la pili lina ndama mnene, rangi ile ile, doa lile lile usoni. Safari hii sikosei. Nimeinama, nimehakikisha: wote wawili majike. Hereni zao tu ndizo zenye namba tofauti, na nani husoma masikio ya ndama?

Kesho nawabadilisha. Mama wa huyo ndama mnene amesimama hapo hapo, ananitazama bila kupepesa macho. Anaonekana mpole.