Naomba Nisihudumiwe Tena

Kisugu, Kampala
12 Agosti 2002

Kwa Mheshimiwa Nasur Abudu,
Mwenyekiti wa LC1 (Baraza la Mtaa) na wa Kamati ya Kikombe cha Wanaojitolea

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Mimi ninakaribia mwisho, na mtu wa hali yangu hana muda wa kuzungukazunguka. Kwa hiyo naanza na jambo nililowaficha tangu Mei: ninaweza kutembea. Ninaweza pia kujiogesha, kuchemsha chai na kufunga vifungo vya shati langu. Moyo umechakaa, hilo ni kweli, na daktari hakukosea. Ila miguu bado haijapata habari.

Nililificha kwa sababu ya Kikombe. Mwezi wa Mei kamati yako ilitangaza kwamba itawaenzi watu wanaojitolea kuwahudumia wazee wasiojiweza, na kwamba kikundi kitakachopata alama nyingi kitapewa kikombe, mbuzi, na jina lake kuchorwa kwenye ukuta wa ofisi. Wazo ni zuri. Kasoro yake ni moja tu: zoni yetu ina vikundi vitatu vya kujitolea na mzee mmoja asiyejiweza. Wazee wengine wamerudi vijijini kwao, au wamekufa bila kuisubiri kamati. Nimebaki mimi, Byron Oluoch, mwalimu mstaafu wa historia, Mkenya niliyekuja kufundisha hapa nikasahau kurudi.

Naandika kuomba niondolewe katika shindano, niachwe nife kwa utulivu nyumbani kwangu. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kuogeshwa. Ninaogeshwa mara tatu kwa siku. Alfajiri huja akina mama wa kanisa wakiongozwa na Mama Namalwa, ambao wamekubaliana kwamba kwa umri wangu mimi si mwanamume tena. Saa nne huja vijana wa stendi ya boda boda na kiongozi wao Santo. Jioni huja Munirah na wanawake wenzake wa Kinubi. Munirah, kwa heshima ya dini yake, hukaa nje na kutoa maagizo dirishani huku kaka yake akisugua. Hakuna kikundi kinachotambua maji ya kikundi kingine. Santo huniambia, "Mzee, hawa mama wamekuogesha mubaya, nyuma ya sikio wameacha yote." Mama Namalwa naye husema, "Hao wa pikipiki hawajui kuosha mtu, Mwalimu. Wanakuosha kama wanaosha tairi." Ngozi yangu ni ya mwaka 1921, Mheshimiwa. Haikutengenezwa kwa matumizi haya.

2. Kufagia. Uwanja wangu unafagiwa kutwa. Kikundi kimoja kikimaliza, kingine husimama kando na mafagio kikingoja jani lidondoke. Udongo umeshuka kiasi kwamba msingi wa nyumba uko nje, na ngazi ya mlangoni, ambayo zamani niliishuka bila kuifikiria, sasa inanifika gotini. Kwa hiyo siwezi tena kutoka nje peke yangu. Kumshusha mzee ngazi kuna alama mbili. Kumpandisha kuna alama tatu.

3. Picha. Kamati inadai picha za kabla na za baada. Nyumba yangu ilikuwa safi, maana yake haikuwa na kabla. Santo akaleta magunia mawili ya taka kutoka sokoni, akayamwaga sebuleni, Odur mpiga picha akapiga, halafu wakasafisha kwa bidii kubwa. Vikundi vingine vikaona vimedhulumiwa, kila kimoja kikaja na taka zake. Munirah peke yake ndiye aliyekuwa na ustaarabu wa kuniuliza: "Baba, kwako tumwage maganda ya ndizi au ya mihogo?" Nilichagua ya ndizi. Kisha shati langu likavuliwa kwa sababu lilikuwa limepigwa pasi, nikavishwa la fundi wa gereji. Odur akasema, "Mzee, usicheke! Ukicheka hatupati alama. Fikiria kitu kibaya." Nikaifikiria kamati. Naambiwa picha ile ilitoka vizuri sana.

4. Chakula. Mchana ninakula ugali na mrenda wa Mama Namalwa, chapati na mayai ya Santo, na gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi, pamoja na mchuzi wa bamia wa Munirah. Kila kikundi hukagua nilichobakiza cha mwenzake. Nikibakiza ugali, Mama Namalwa hushika kiuno: "Mwalimu, tumekukosea nini?" Nimejitahidi kuwatendea wote haki, na matokeo yake nimenenepa. Sasa Santo analalamika kwamba nimeanza kuonekana kama diwani, na kwamba hakuna jaji atakayeamini kuwa mtu mwenye mashavu haya hajiwezi.

5. Kuibwa. Wiki mbili zilizopita nilichukuliwa. Namuwongo, majirani zetu wa ng'ambo ya reli, nao wameingia katika shindano, lakini hawana mzee hata mmoja wa kuhudumia. Kiongozi wao, Joska, alikuja na wenzake wakati watu wetu wamekwenda kugombania maji bombani. Walikuwa na toroli, na ndani ya toroli wameweka mto. "Baba, tulia," Joska alisema. "Tunakuazima tu." Nikavushwa reli nimekaa kama gunia la mkaa. Huko nikaogeshwa, nikalishwa, nikapigwa picha. Jioni vikundi vyetu vitatu, ambavyo havijawahi kukubaliana hata juu ya siku ya mkutano, vilivuka reli pamoja vikipiga kelele: "Mzee ni wetu! Tafuteni wenu!" Joska akasimama mbele ya toroli. "Nyinyi watu wa Kisugu mna roho mbaya! Mna mzee mnene hivi, na mnamfaidi peke yenu?"

Kesi ilikuja kwako, Mheshimiwa. Uliamua kwamba nilale Kisugu, na kila Jumanne na Alhamisi nipelekwe Namuwongo. Mimi sikuulizwa. Katika hukumu yako uliniita mali ya jamii, na watu wakapiga makofi. Wengi wao nilikuwa nimewafundisha.

6. Maombi. Hili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Jumapili Mama Namalwa aliweka mkono juu ya kichwa changu akaomba: "Bwana, mponye mtumishi wako, lakini usiharakishe." Wote wakasema amina, pamoja na Munirah, ambaye hakuwa na wajibu wowote wa kuitikia. Siku iliyofuata, nikidhani niko peke yangu, niliinuka nikaenda dirishani kwa miguu yangu kurekebisha pazia. Santo alikuwa nje amekaa juu ya pikipiki. Alinitazama kama mtu aliyeona mzimu, akaingia mbio. "Mzee wangu, kaa chini! Watu watakuona!" Nikakaa. Hapo nilielewa kwamba katika zoni hii kupona ni ukosefu wa adabu.

Silalamiki bila kupendekeza. Napendekeza kwamba mwaka huu Kikombe apewe Rukiah, muuza makaa. Kwa miaka yote niliyokaa hapa, Rukiah hajanisaidia hata mara moja. Hupita na gunia lake, huchungulia mlangoni, husema, "Mwalimu, bado upo tu?" Nami humjibu, "Bado. Na wewe bado unauza mawe?" Hucheka, huenda zake. Hajanisugua. Hajanimwagia taka. Hajamwomba Mungu anicheleweshe. Kama kuna mtu aliyeitumikia jamii kwa kuiacha ilivyo, ni yeye.

Baada ya Rukiah, vyeti vigawiwe kwa wakazi wote ambao hawajanifanyia lolote. Watakuwa wengi, ukumbi utajaa, na wafadhili hupenda ukumbi uliojaa. Kwa wale watakaoshindwa kuacha kujitolea, iandaliwe semina ya siku tatu, chai na chapati zitolewe, na wahudumu wa chai wasiruhusiwe kushindana. Na kwa kuwa vikundi haviwezi kuishi bila mtu asiyejiweza, napendekeza wajumbe wa kamati washike nafasi hiyo kwa zamu, kila mmoja wiki mbili kitandani. Wewe kama Mwenyekiti ungeanza. Toroli iko Namuwongo, inafahamu njia.

Tafadhali mfikishie salamu zangu mama watoto wako, wajumbe wote wa kamati, mpiga picha Odur, na yule mbuzi wa zawadi aliyefungwa nyuma ya ofisi, ambaye kama mimi anangoja uamuzi bila kuulizwa maoni.

Ni mimi, mwenye heshima kwako na usafi uliozidi,

Byron Oluoch
Mwalimu mstaafu

Tanbihi: Mwanangu Nasur, barua ilipokuwa inakauka wino nilimwomba kaka yake Munirah anisomee tangazo lenu tena, kwa sababu maandishi ya chini ni madogo. Linasema shindano linafungwa siku ya Uhuru, tarehe tisa Oktoba. Hilo nilikuwa silijui. Nilidhani litaendelea mpaka nife.

Daktari ameniambia kwamba Krismasi huenda nisiione, lakini Novemba naweza kuifikia. Kwa hiyo naomba barua hii usiisome mbele ya kamati. Sogezeni siku ya mwisho. Mkishindwa, tangazeni raundi ya pili, na Bukoto waalikwe, wana vijana wengi na nasikia hawana wazee. Mambo ya kuoga nitavumilia. Taka pia wamwage, mradi wazisafishe wenyewe, na waendelee kugombana wanapozisafisha, ninasikia vizuri kutoka kitandani.

Mke wangu alipofariki, watu walijaa hapa siku nne. Siku ya tano nilipika chai ya watu kumi na wawili na hakuna aliyekuja. Tangu hapo mpaka Mei mwaka huu nimeishi kwa utulivu ule ninaouomba hapo juu. Ninaujua vizuri.

Kufa nimeshajizoeza, mwanangu. Ninachoogopa ni tarehe kumi Oktoba.