Siku Kornelia Alipomwamsha Mheshimiwa

Tulieni, enyi wakulima wa pamba wa Zagayu na wachunga ng'ombe wa Nkololo! Zimeni simu, nanyi wa Maswa mnaopenda kubishana bei, mnisikilize mimi niliyekaa benchi la nyuma nikaona kwa macho yangu haya vita ambavyo hakuna aliyerusha hata kiatu! Nawapa habari za Kornelia binti Damas, karani wa mahakama yetu ya mwanzo hapa Bariadi, mbeba mafaili, mzimaji wa makelele, mwenye sauti ya kusimamisha umati.

Adui yake hakuwa mwizi wala jambazi. Alikuwa usingizi, nao ulikuwa umemteka Mheshimiwa Theonest, hakimu wetu, simba wa miaka mingi, aliyeupita umri wa kustaafu kwa hiari akiupungia mkono, na ule wa lazima ukawa unamngoja getini. Watu wakinong'ona kwamba apumzike, yeye hujibu kuwa sheria haizeeki. Sawa, haizeeki. Kope je?

Siku hiyo ilikuwa ya kesi ya Machibya. Jirani yake, Onesmo, alidai kwamba mtamba aliye zizini kwa Machibya ni wake, na ushahidi ukiisha, hukumu ingetolewa palepale. Machibya aliogopa, na alikuwa na haki ya kuogopa, maana kikao kilichopita Mheshimiwa alizinduka katikati ya maelezo akauliza kwa ukali, "Na huyo mbuzi alikuwa na pembe?" Mbuzi gani tena, jamani!

Basi Machibya akasimama, akaanza: "Mheshimiwa, mtamba huyu nilimvuta tumboni mwa mama yake kwa mikono hii, mvua inanyesha, nikamkata kitovu..." Hapo ukasikika mkoromo mezani, mzito, wa kifalme, wenye kupanda na kushuka. Machibya akakatiza maelezo, akamgeukia karani. Nilimwonea uchungu namhala yule, mzee wa watu.

Kornelia akaingia vitani. Akakohoa, mkoromo ukamjibu. Akaangusha faili la kesi za mashamba, zito kama tofali, Mheshimiwa akageuza shavu. Ndipo Onesmo akainuka, mkono kifuani, na huruma ya uongo usoni:

"Tahadhari, mayu, mama yetu! Mguse Mheshimiwa, na utakuwa umeidharau mahakama! Mwache baba wa watu apumzike, akiamka atahukumu kwa akili mpya."

"Wewe mwanamume, ngosha, keti!" Kornelia akanguruma. "Sitamgusa hata ukucha. Ila Machibya kaja kusikilizwa, na leo atasikilizwa, hata kibarua changu kiote nyasi!"

Akashika ukingo wa meza, akajaza kifua, akafyatua silaha ambayo huitoa hakimu anapoingia tu:

"Kooooorti!"

Mabenchi yakalia, umati ukasimama. Naye Mheshimiwa Theonest, ambaye ujanani alikuwa karani mwenye kuita neno hilohilo, akasimama kabla macho hayajafunguka, akakigeukia kiti chake kitupu, akakiinamia kwa heshima zote.

Hakuna aliyecheka. Tulicheka baadaye, njiani, mpaka mbavu zikauma.

Mzee akakitazama kile kiti. Akatutazama sisi. "Karani," akauliza kwa sauti ndogo, "nani anaingia?"

Kornelia akainamisha kichwa. "Ni wewe, Mheshimiwa."

Mzee akafuta miwani kwa ncha ya tai. "Basi aingie," akasema, akaketi, akaomba maji. "Na aingie kwa mara ya mwisho. Kesi hii nikiimaliza, kiti nawaachia wenye kope nyepesi. Machibya, anza tena tangu kwenye mvua."

Machibya akaanza tangu kwenye mvua. Alipofika kwenye kitovu, hakimu akainua kidole: "Ulikikata kwa kitu gani?"

"Kwa wembe wa kunyolea, Mheshimiwa. Mama yake alinipiga teke, kovu hili hapa."

"Onesmo, wewe ulikikata kwa kitu gani?"

Onesmo, bingwa wa hotuba, akatazama dari, akatazama viatu vyake, akasema hakumbuki vizuri, labda wakati ule alikuwa Lamadi kununua samaki. Mtamba akabaki kwa Machibya.

Basi lihifadhini hili, enyi watu wa Simiyu, mkalihadithie hadi kwa wajukuu! Maana nilimkuta Machibya nje, amemshika Kornelia mikono yote miwili, machozi yanamtoka, na wala hakuwa akitaja mtamba.

"Kaniuliza kitovu, mayu," alikuwa akisema. "Umesikia? Kaniuliza kitovu!"