Gurudumu la Bahati na Goti la Mheshimiwa

Waswahili wote wa Lanham, Bowie, Landover na vitongoji vyake huku ughaibuni wanatangaziwa kwamba uchaguzi wa Chama chetu wa mwaka 1998 ulifanyika kwa amani, utulivu, na bila kura. Nilikuwepo nikiwa Katibu wa Itifaki, kwa hiyo maneno yangu ni ya kweli hata pale yanaponishangaza mwenyewe.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Ghalib wa Bowie, alikuwa amegundua kuwa kura huleta mgawanyiko, hasa zikihesabiwa. Mpinzani wake, Bi Mwatime wa Landover, alikuwa keshaanza kutafuta kura nyumba hadi nyumba, na alikuwa akizipata. Basi Kamati Kuu, yaani Mheshimiwa na mimi, ikapitisha kanuni: kwaya itaimba, watu wote watasimama, na wimbo ukiisha, atakayekaa kwenye kiti cha mbele ndiye Mwenyekiti. Kiti kikawekwa hatua moja kutoka kwa Mheshimiwa, ili kusitokee utata.

Mama Marie-Thérèse, kiongozi wa kwaya ya Wakongomani, akaleta wimbo wa Kilatini wa karne na karne, aliofundishwa na mapadri kule Bukavu. Sauti nne zinafukuzana humo kama kuku sokoni. Mheshimiwa aliupenda sana, maana hakuna aliyeuelewa. Kisha akafanya kosa la kuomba tafsiri. Sehemu ya kwanza: Bahati humpandisha mtu kwenye gurudumu lake. Sehemu ya pili: humbwaga.

"Sehemu ya pili ifutwe," akaagiza.

"Papa Président, ukikata mwisho, wimbo inarudia kwa mwanzo. Iko namna hiyo."

"Ndiyo maendeleo hayo, mama. Kupanda tu."

Jumamosi ya uchaguzi kwaya ikampandisha Mheshimiwa. Ikampandisha tena. Na tena. Pilau ikapoa, wanachama wakavua viatu, tabasamu la Mheshimiwa likaomba likizo. Nilimnong'oneza akae. Akanikumbusha kwamba wimbo haujaisha, na kanuni ni yake.

"Shuka basi, baba," Bi Mwatime akamwambia. "Tumeshakuona ulivyo juu."

Hatimaye, jasho likimchuruzika mpaka kwenye tai, akamwinamia Mama Marie-Thérèse. "Mama, nakuomba. Niangushe."

"Kwa kanuni gani, Papa?"

"Ya dharura."

Sehemu ya pili iliimbwa kwa furaha ambayo kwaya ile haijawahi kumwonyesha hata Mungu. Sauti nzito za besi zilimteremsha ngazi kwa ngazi, sauti ya mwisho ikatua. Mheshimiwa akaiamuru miguu isogee. Goti la kulia lilikuwa limeshajiuzulu. Bi Mwatime, ambaye hushinda kazini ghalani Landover akiwa amesimama tangu alfajiri, akapita mbele yake taratibu, akavuta kiti, akakaa.

"Nakata rufaa," akasema Ghalib.

"Kanuni ni kanuni, kaka," nikamjibu kiitifaki.

Mwenyekiti mpya akatoa amri: kura zipigwe Jumamosi ijayo, pilau ipashwe moto sasa hivi, na Bwana Ghalib atafutiwe pa kukaa. Nikamletea kiti cha plastiki. Kabla hajakaa, akaniuliza polepole kama hiki nacho kina wimbo.