Kamati ya Rangi za Mvua

Umma wa Pemba unatangaziwa kwamba, kuanzia msimu huu wa karafuu, mvua haitaonekana bila kibali. Mimi, Ngwali Silima, mwenyekiti wa Kamati ya Rangi, ndiye mwenye muhuri.

Ieleweke kuwa iko kompyuta kubwa huko ng'ambo inayokokotoa hali ya hewa ya kisiwa chetu. Takwimu zake ni nyingi hata hazihifadhiki, kwa hiyo picha huchorwa papo hapo, hesabu ikiwa bado inakwenda, kisha takwimu hutupwa. Usipoiona picha saa ile, basi tena.

Siku ya kwanza mtaalamu wetu, Rawya, alituonyesha wingu jekundu likiisogelea Ole. Uchaguzi ulikuwa mwezi unaofuata. Mjumbe Bakar akauliza: nyekundu ya nani? Tukajadili kwa kina. Nyekundu ina wenyewe, kijani ina wenyewe, buluu, manjano, hata zambarau. Baada ya saa tatu na sambusa tukapitisha, kwa kauli moja, mvua ichorwe nyeupe juu ya kisiwa cheupe. Skrini ikatulia, nami nikafurahi sana.

Hapo akaingia Bi Mize wa Ole. Karafuu zake za msimu mzima, ambazo ndizo za kununulia bati la nyumba yake, zilikuwa majamvini, zimebakisha siku moja tu kukauka.

"Mwanangu Ngwali, n'zianue au n'ziache?"

"Bi Mize, kwa mujibu wa skrini, hakuna kitu."

Akamgeukia Rawya, ambaye kanuni inamkataza kutaja picha isiyo na muhuri. Rawya akachukua mkoba wake.

"Siruhusiwi kusema, bibi. Mie nakwenda zangu kuanua za mama."

"N'shafahamu, mwanangu," akasema Bi Mize, akatoka mbio kuliko umri wake.

Nikamwandikia Rawya barua ya onyo: kuondoka kazini kwa namna inayoashiria mvua.

Mimi siyumbishwi na uvumi. Nilipiga simu nyumbani waanike na yale magunia sita ya karafuu yaliyokuwa ndani. Mvua ilishuka alasiri, ikapiga siku tatu.

Zilipokauka nikazipeleka kituo cha ununuzi. Karani, Mzee Ahmada, akazimimina mezani.

"Nyeupe hizi, mwenyekiti. Zimevunda kwa mvua."

Nikamfahamisha kwamba nyeupe ndiyo rangi pekee yenye kibali.

Akazirudisha guniani taratibu. "Basi kwa kanuni yenu hiyo, mie hapa sijaona karafuu. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Bi Mize, na zake Mzee Ahmada aliziona zote.